Mnazi wa Chumba cha Tatu

Nyumba yangu ina vyumba vitatu, na kimoja hakina paa. Wageni wakiuliza nawaambia kile ni chumba cha mnazi, nao hucheka wakidhani nawatania. Nikiwafungulia mlango wakauona mnazi wenyewe, umesimama katikati ya sakafu na kichwa chake kiko huko juu mbinguni, huacha kucheka wakaanza maswali. Majibu yake ni marefu na mimi si mtu wa subira. Nayaandika hapa mara moja, yaishe.

Tulioana mwishoni mwa miaka ya sitini. Mimi ni mtoto wa Bagamoyo mjini, nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi. Mlango ulikuwa umeshaanza kuliwa na mchwa, lakini tulijiona watu. Mume wangu alitoka Miono, kwa wakulima, naye alikuwa karani wa serikali Dar es Salaam. Mama alimkubali kwa sababu anaswali na ana jozi mbili za viatu. Sababu ya tatu alisema bado anaitafuta.

Dar tulipanga chumba Magomeni, katika nyumba ambayo kila mlango ulikuwa na familia yake na bomba la maji lilikuwa la wote. Bomba lile lilitoa maji pale tu ambapo hakuna mtu. Jirani wa kushoto akikohoa, mume wangu alimwitikia pole bila kuinuka kitandani. Sikulalamika, maana kila mtu tuliyemjua aliishi hivyo, na tulikuwa wapya bado, tunapendana mchana kutwa kwa sauti ya chini.

Lakini mume wangu alikuwa na maradhi ya nyumba. Kila Jumapili baada ya alasiri alivaa ile jozi nzuri ya viatu, mimi nikajifunga kanga za kutokea, tukaenda kwa miguu hadi Oysterbay kutazama nyumba za wakubwa. Tulizitazama kama watu waliokwenda kumzuru mgonjwa: tunatembea polepole, tunanong'ona, na kurudi tunarudi kimya. Siku moja alimwuliza mtunza bustani mmoja namna ya kupata nyumba maeneo yale. Yule bwana alizima mpira wa maji, akafikiri, akamwambia kwamba nyumba zile mtu hupewa, na ili upewe ni lazima uwe umeshakuwa mkubwa. Mume wangu alimshukuru sana, utadhani ameelekezwa posta.

Kisha nikapata mimba, na mama akaja kutuona. Alikaa kitandani kwa kuwa kiti hakikuwa na pa kukaa. Magoti yake yaligusa stovu ya mafuta ya taa. Alitazama dari, akatazama ukuta, akamsikia jirani wa kushoto akikohoa na mume wangu akimpa pole. Mama akauliza mtoto tutamlaza wapi, juu ya stovu au chini yake. Basi akatangaza hukumu. Mtoto wa kwanza nitakwenda kumzalia kwake, kama mila ilivyo. Nikitoka arobaini atanikabidhi kwa mume wangu kwenye mlango ulio wake mwenyewe, si mlango wa kulipia kodi. Kama mlango huo hautakuwapo, mimi na mtoto tutabaki Bagamoyo, na bwana atakuja kutusalimia sikukuu.

Hiyo sehemu ya mlango haikuwa mila. Aliitunga palepale kitandani. Lakini mama yangu akishatunga jambo huwa mila, na wajomba zangu wote wanaweza kushuhudia. Mume wangu alisema, "Nimesikia, mama," huku anatazama sakafu, maana mkwe hatazamwi usoni. Usiku huo hakulala, na mimi sikulala kwa kumsikia halali.

Basi tukaanza kutafuta kiwanja, sasa si kwa kutembea bali kwa kuomba. Tulianzia Msasani, tukaambiwa viwanja vimeshapimwa na wenyewe wapo, ingawa hatukuwaona. Mikocheni tulimkuta mtu mkarimu aliyetukaribisha chai, akatutajia bei, chai ikatushinda. Kawe, Mbezi, Kunduchi, kila tulipofika bei ilikuwa imefika kabla yetu. Tuliendelea kusogea kaskazini na barabara ya Bagamoyo, na tumbo langu nalo likiendelea mbele. Siku moja tulikuwa ndani ya basi tumeshapita Bunju, mume wangu anachungulia dirishani, nikamwambia tukizidi hivi tutafika kwa mama. Aligeuka akaniuliza bei za huko zikoje.

Ndivyo tulivyorudi nilikotoka. Mama aliposikia tunatafuta kiwanja Bagamoyo alisema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," akaendelea kuchambua mchele. Mume wangu aliomba uhamisho. Wakubwa zake walishangaa sana kuona mtu anaomba mwenyewe kupelekwa Bagamoyo, wakamkubalia upesi kabla hajapata nafuu.

Kiwanja tulikipata pembezoni mwa mji, upande wa kwendea Makurunge, kwa bwana mmoja aliyekuwa akikata shamba lake vipande. Balozi wa nyumba kumi alikuja kushuhudia. Mume wangu aliuzunguka mpaka kwa hatua za kijeshi, akasimama katikati penye mnazi mmoja mrefu, akaupigapiga kwa kiganja na kuniambia kwa furaha kwamba nazi sasa tutakula za bure. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya gogo, miguu imevimba, nikamwitikia ndiyo.

Hapa sina budi kueleza kosa letu, kwa sababu watu wa mahali pengine hawalielewi. Kwao Miono, ukinunua shamba umenunua na kilichosimama juu yake, sawa na mtu anunuaye mbuzi asivyoulizia kichwa. Kwetu pwani mchanga una mwenyewe na mnazi una mwenyewe. Ardhi inaweza kuwa ya mtu na mti uliomo ukawa wa binamu yake, na wote wawili wakaishi kwa salama mpaka siku ya ugomvi. Haya nimeyajua tangu nanyonya. Lakini nilidhani mume wangu ameuliza, kwa kuwa ndiye mnunuzi. Naye alidhani kama lipo la kuulizwa, mtoto wa pwani aliyeketi juu ya gogo angeuliza. Wahenga husema kuuliza si ujinga. Sisi tulikuwa na akili nyingi mno.

Ndugu zake wakaja kutoka Miono na lori la miti. Walileta nguzo, fito, kamba, kuku na shangazi wawili, wakapiga kambi. Ni watu wa kazi, siwezi kuwasengenya, ila walipomaliza kazi walibaki kuhakikisha mchele nao umemalizika. Nguzo za vyumba viwili na ukumbi zikasimama. Fundi akasema kabla ya kusimamisha chumba cha tatu mnazi ukatwe, maana hawezi kuezeka bati chini ya mti unaozaa: nazi kavu ikianguka itatoboa bati, na chini ya bati atakuwapo mtoto. Tukapanga siku ya shoka.

Siku hiyo asubuhi nilifika na bakuli la uji wa mafundi nikamkuta mtu juu ya mnazi wetu anaangua nazi. Zilikuwa zinashuka puu, puu, kama nyumbani kwake. Nikamwuliza anafanya nini juu ya mnazi wangu.

"Wako?" akauliza kutoka juu, na kuangua akaendelea.

Chini, upande wa pili wa nguzo, bibi mmoja mfupi aliyejifunga kanga mbili alikuwa anakusanya nazi zake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama tumbo, akaniambia nisisimame pale kwenye jua. Mnazi ulikuwa wake. Alikuwa shangazi wa yule aliyetuuzia kiwanja. Mume wangu alikwenda mbio kwa muuzaji, akamkuta anakunywa kahawa, akamweleza. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho akamwambia ameuziwa kiwanja na kiwanja anacho. "Mnazi hukuniuliza," akasema. Na kweli hakuuliza.

Tangu siku hiyo mume wangu alianza kumwendea yule bibi kuununua ule mnazi. Alikwenda na bei nzuri, akarudi na dafu. Alikwenda na bei mbaya, yaani mbaya kwetu, akarudi na dafu. Alimpeleka balozi, balozi akarudi na madafu mawili. Bibi hakumkaripia mtu. Alimkaribisha kila mmoja, akamwuliza hali ya nyumbani, akamsikiliza, akamwambia, "Hauuzwi, mjukuu wangu," kisha akaita dafu. Sijapata kunywa madafu mengi namna ile. Mpaka leo siyapendi.

Katikati ya hayo nikajifungua, kwa mama, mtoto wa kike mwenye sauti ya muadhini. Arobaini ikaanza kuhesabika. Nikawa ndani, sitoki, nakandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, na kila jioni mume wangu anakuja kusimama barazani kutoa habari za nyumba. Vyumba viwili na ukumbi vimeshakandikwa udongo. Bati zimepatikana, na enzi zile kupata bati ilikuwa kama kupata kazi. Chumba cha tatu bado. Nilimwambia tufanye viwili yaishe. Alinijibu kwamba watu wa Miono ameshawaambia vitatu.

Lakini tatizo halikuwa chumba cha tatu peke yake. Makuti ya mnazi ule yalifika mpaka juu ya chumba cha pili, na fundi alikuwa ameshuka ngazi, kakunja mikono, anasema haezeki hata bati moja mpaka mnazi ulale chini. Siku zilikuwa zinakwisha na mama alikuwa ameshaanza kunionyesha mahali tutakapoweka kitanda cha mtoto. Alinionyesha kwa upole kabisa. Niliogopa. Nilimjua mama yangu, na nilijua ndoa ya kusalimiana sikukuu inavyomalizika. Nililia nikisingizia pilipili ya uji.

Basi kama ilivyo desturi, wanawake walikuwa wanakuja kumtazama mtoto, na siku moja katika waliokuja aliingia yule bibi. Nilidhani amekosea nyumba. Kumbe yeye na mama walicheza ngoma pamoja usichana wao. Akakaa mkekani, akampokea mtoto, akamtemea mate kidogo ya baraka, akauliza kama kitovu kimeshadondoka. Mama akasema kimedondoka zamani, amekifunga kitambaani, kinasubiri kuzikwa kwenye ardhi ya kwao mtoto, kama ardhi hiyo itapata nyumba. Alisema hivyo akimtazama bibi moja kwa moja. Mama hakuwa na tabia ya kurusha jiwe akauficha mkono.

Bibi hakukasirika. Alimlaza mtoto mapajani vizuri, akaeleza. Alizaa mara moja tu, mtoto wa kiume. Kitovu chake walikizika pale, na juu yake akapanda ule mnazi, wakakua pamoja, mtoto na mti. Kijana alipopevuka akaenda Dar kutafuta kazi. Kutoka Dar akasema anakwenda Mombasa. Kutoka Mombasa hakusema kitu. Hiyo ilikuwa kabla ya uhuru. Watu wamemshauri asome hitima, kama asomewavyo marehemu, mwenyewe akasema atasoma siku mnazi utakapoacha kuzaa. Kila ukianguliwa huenda mwenyewe kuutazama kichwa.

Mama akamwambia, kwa sauti ambayo sikuijua, kwamba hawa watoto wana shida ya kweli, na bei wanayotoa si ndogo.

Bibi akasema, "Bei naijua. Lakini mwenzangu, nikiuuza ule mnazi nitakuwa nimekubali."

Mama yangu alikuwa hajapata kushindwa kwa maneno na mtu yeyote, si mchuuzi wa samaki, si kadhi. Akainuka akaenda kumletea mwenzake kahawa, akakaa huko jikoni muda mrefu kuliko kahawa inavyohitaji. Bibi alipomaliza kunywa akaaga. Nilikuwa nalia na safari hii sikusingizia uji. Nilimlilia yeye, na nilijililia mimi, kwa sababu nilijua sasa ule mnazi hautakatwa, na hata ningepewa shoka nisingeukata.

Jioni mume wangu alipokuja barazani na bei mpya, mama alimkatiza. Akamwambia aache habari ya mnazi. Mume wangu akauliza, kwa adabu, akiitazama miguu ya mkwe wake, sasa nyumba itakuwaje.

"Mimi nilisema mlango," mama akasema. "Paa la chumba cha tatu nililitaja saa ngapi?"

Kesho yake alitoka yeye mwenyewe na mwavuli wake akaenda kuzungumza na fundi. Sikuwapo, lakini nasikia fundi alipanda ngazi huku mama bado anaongea. Walikubaliana kuyafunga pembeni yale makuti yaliyoingia juu ya chumba cha pili, kwa idhini ya bibi, na mkwezi awe anaziangua nazi mapema kabla hazijakauka zikaanguka zenyewe. Chumba cha tatu walikizungushia kuta, wakakitia mlango, mnazi ukabaki ndani yake na juu pakaachwa wazi. Kwa hiyo vyumba vilikuwa vitatu na Miono haikuvunjiwa ahadi. Ndugu za mume wangu walipokuja kuona walikizunguka, kisha shangazi mmoja akauliza kama huo ndio mtindo wa mjini. Mume wangu akamwambia ndio.

Nilipotoka arobaini mama alinisindikiza. Alisimama mbele ya mlango wetu wa mbao za kuungaunga, akausukuma, ukalia, akaurudisha, ukalia tena. Akamwuliza mume wangu, "Huu ni wako?" Akajibu ni wake. Akasema haya, akanipa mtoto, akageuka upesi akaondoka kabla hatujamwona uso.

Kitovu tulikizika siku ileile nyuma ya jiko. Bibi alikuja na nazi iliyochipua, ya mnazi wake, akaipanda mwenyewe juu ya kitovu kwa mikono yake, akaifukia, akaimwagia maji. Mume wangu alifurahi akasema ahsante, sasa na sisi tuna mnazi. Bibi akamsahihisha. Ule ni wa mtoto, akasema, yeye haumhusu. Kwa hiyo tulikuwa na kiwanja chenye minazi miwili, na hakuna hata mmoja uliokuwa wetu. Nazi tuliendelea kununua sokoni.

Tukaishi. Masika mvua ilinyesha ndani ya chumba cha tatu kama nje, tukachimba mfereji, na watoto waliofuata nikawaogesha humo. Bibi alikuja kila msimu na mkwezi wake. Alipita ukumbini, akavua ndala mlangoni pa kile chumba, akaingia, akaegemeza kiganja kwenye shina na kuinua macho akahesabu makole ya nazi. Mengi, alikuwa anasema akitoka. Nikampa chai. Bati za chumba kile, zile tulizozipata kwa taabu, zilibaki zimeegemea ukuta wa ukumbi. Mara mbili watu walitaka kuzinunua na mara mbili nilikuwa karibu kukubali.

Bibi alifariki miaka ya sabini inakwisha. Mnazi ulikuwa unazaa vizuri. Hata matanga hayajapoa, akaja mpwa wake, yule aliyetuuzia kiwanja, amevaa kanzu safi. Alisema sasa mnazi umerudi kwake na hana kazi nao, na kwa kuwa sisi ni kama ndugu atatuuzia kwa bei ya kutupa. Na kweli ilikuwa ya kutupa. Tungeweza kuulipia palepale, tukaukata kesho, tukaezeka keshokutwa. Nyumba nzima ingekuwa yetu, toka mlango hata ukuta wa mwisho, kama zile za Oysterbay. Mume wangu, maskini, alikuwa ameshatia mkono mfukoni.

Nilimwambia hatununui.

Aliniuliza kwa nini, mbele ya mgeni, jambo ambalo si kawaida yake. Nikamwambia, "Tukiununua tutakuwa tumekubali." Alinitazama, akatazama mlango wa chumba cha tatu, akautoa mkono mfukoni mtupu. Mpwa mtu akatwambia tumerogwa, akanywa chai yake, akaenda zake. Hakurudi tena kuudai, nadhani aliona aibu ya kuwadai watu waliorogwa.

Tangu hapo nauangulisha mimi. Ujira wa mkwezi natoa katika nazi, zinazobaki naziweka fungu moja chumbani humohumo chini ya shina, wala hatuzili. Zikichipua namwita mtu mwenye nafasi ya kupanda, namwambia achukue, ila mti utakuwa wa yule bwana, mwana wa bibi, na jina lake namtajia. Wengi wamekubali, watu wa huku wanaelewa mambo hayo. Kwa hiyo ana minazi yake kwa hawa na kwa wale, mpaka njia ya Makurunge. Akirudi tutamzungusha aione. Chumba chake kipo, na bati zake zipo ukumbini, zina kutu kidogo tu pembeni.